Ile "omu 8" nyuma ya ampu sio ya ampu

Ndugu Mhariri,

Kama umenizidi umri shikamoo, kama tupo sawa basi mambo vipi. Naandika kuhusu ile makala yenu ya kushauri watu wanaonunua mziki wa kumbi na wa makanisani, ile yenye jedwali kubwa la ampu (vikuza sauti) na bei zake. Makala imesema ampu ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani, yani kuzuia umeme) ifungwe na spika ya omu 8 ili ukinzani "ulingane". Mbele kidogo ikasema mnunuzi atafute ampu yenye dampingi fakta (namba ya jinsi ampu inavyoidhibiti spika, hesabu yake ni omu za spika gawanya kwa omu za ndani za ampu) kuanzia 500 kwenda juu. Af kule mwisho ikamalizia kwamba fidibaki (kipande cha kinachotoka kurudishwa mwanzoni mwa ampu) ni ugonjwa wa ampu za bei chee na ampu nzuri haina. Sasa mhariri hivyo vitu vitatu havipatani kabisa. Ukisema ampu ina omu 8 ndani yake ili ilingane na spika, basi dampingi fakta yake ni 1, sio 500. Na ukiitaka hiyo 500, kinachokupa ni hiyo hiyo fidibaki mliyosema ni ugonjwa. Yani mwandishi kausifia ugali akaulaani unga.

Mi ni fundi wa mziki hapa Ngarenaro, na tangu makala itoke wateja wanakuja na kipande cha gazeti wamekikunja mfukoni, wanakifungua juu ya meza yangu katikati ya lehemu na skrubu, "fundi eti hii yangu ina 500?" Nimeona bora nikuandikie wewe kuliko kuhubiri kwa mmoja mmoja.

Tuanze na hiyo omu 8. Namba iliyoandikwa nyuma ya ampu pale kwenye tundu za spika sio ukinzani wa ampu. Ni maelekezo tu, mtengenezaji anakwambia spika utakayochomeka hapa isishuke chini ya omu hizo, nyingine zinaruhusu mpaka 4, nyingine mpaka 2, ukishuka zaidi ya hapo transista zitadaiwa mkondo mkubwa kuliko zinavyoweza kutoa na zitaondoka. Ni namba ya mzigo. Ampu yenyewe ina impidansi yake ya ndani, yani ukinzani wake kwa umeme wa sauti, ile mafundi tunaita impidansi ya autiputi (pale sauti inapotokea), na kwa ampu ya transista ya kawaida tu hiyo ni ndogo mno, mara nyingi inacheza kwenye 0.1 ya omu au chini ya hapo.

Najua hii ya kulingana imetoka wapi. Walosoma fizikia sekondari walikariri kwamba nguvu nyingi inahama pale ukinzani wa chanzo unapolingana na wa mzigo. Ni kweli kabisa, ila hiyo ni pale ambapo chanzo chako kina ukinzani wake ambao huna namna ya kuupunguza, unachagua mzigo tu. Kwenye ampu tunao uwezo wa kuchagua ukinzani wa chanzo, kwahiyo tunaupunguza, hatuulinganishi. Fikiria ampu yenye omu 8 ndani na spika ya omu 8 nje: kila wati inayofika kwenye spika kuna wati nyingine moja imekufa ndani ya ampu kama joto. Ukitaka wati 300 spikani unachoma nyingine 300 bure, na hapo hujahesabu joto la kawaida la transista zenyewe. Hiyo hitisinki yake, kile chuma cha kupoozea, ingebidi iwe saizi ya mlango.

Sasa dampingi fakta. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano, chukua omu za spika gawanya kwa omu za ndani za ampu. Ampu ikiwa na 0.1 na spika ni 8 unapata 80. Ampu ikiwa na 0.016 unapata 500. Basi, hamna siri nyingine humo. Swali ni je inasaidia nini, na hapa ndio makala iliruka kabisa wakati ndio penye utamu.

Kitu cha kwanza watu hawajui ni kwamba spika ya omu 8 haina omu 8. Chukua mita uipime, itasoma 6 hivi, huo ni ukinzani wa waya wa koili tu. Ukianza kupiga mziki inabadilika kila sauti: pale kwenye besi ambapo koni yenyewe inapenda kucheza, inaweza ikapanda mpaka omu 30 au 40, ukipanda juu kidogo inashuka tena karibu na ile 6, af inapanda tena taratibu kwenye sauti za juu. Omu 8 ni jina tu la kukubaliana. Tuchukulie ampu ina omu 2 ndani yake, kama zile ampu za zamani za taa za kioo badala ya transista, zisizokuwa na fidibaki ya kutosha. Pale spika iko kwenye 40 inapata asilimia 95 ya volti, pale iko kwenye 6 inapata asilimia 75. Tofauti hiyo ni desibeli 2 (desibeli ni kipimo cha tofauti ya ukubwa wa sauti), yani kuna kaeneo kamoja ka besi kanavimba kuliko kengine, na hujagusa ikwalaiza. Ukishusha hizo omu 2 zikawa 0.1 tofauti inabaki kama desibeli 0.1, hapo hamna sikio la binadamu litasikia.

Kitu cha pili ni breki. Hii mtu asiniamini, ajaribu mwenyewe. Tafuta woofa (spika ya besi) ambayo haijaungwa popote, narudia haijaungwa kwenye ampu yoyote, ya inchi 10 au 12 ndio inaonyesha vizuri. Ishikilie wima, gonga koni taratibu kwa ncha ya kidole, sio kwenye kile kikofia cha katikati, pembeni yake kidogo. Utasikia "duuum", sauti inabaki inavuma. Sasa chukua kipande cha waya, unganisha chanya na hasi ya woofa hiyo hiyo, gonga tena palepale. Inasikika "tup", imekata. Hamna umeme uliotoka popote ila woofa imebadilika tabia. Kinachotokea ni kwamba koili ikicheza ndani ya sumaku inazalisha umeme wake yenyewe, ukiipa njia ya kupita huo umeme unarudi kuipinga koili isicheze. Ampu yenye omu ndogo ndani, spika inaiona ni kama hicho kipande cha waya, kwahiyo kick ya dramu ikiisha koni inasimama. Ampu yenye omu kubwa ndani haina breki hiyo, besi inaburuza, ile wanayosema wateja "mziki unabwabwaja".

Kwahiyo mtu atasema ee basi makala ilikuwa sahihi, 500 ni bora kuliko 50. Subiri kwanza. Ule umeme wa breki ukizunguka haupiti ndani ya ampu tu, unapita pia kwenye koili yenyewe, na koili tumeshaipima ni omu 6, haikwepeki. Ampu ya 50 ina omu 0.16, jumla ya njia nzima ni 6.16. Ampu ya 500 ina 0.016, jumla ni 6.016. Hiyo ni tofauti ya asilimia mbili na kitu. Umeongeza pesa, umebadilishiwa asilimia mbili. Ikishafika 20 au 50 huko mbele ni namba za kuuzia tu, na kwa kweli wauzaji wanalijua hilo, ndo maana wanaandika kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Haya tuje kwenye fidibaki, ambayo imesingiziwa. Labda mwandishi kaichanganya na ule mluzi wa maiki kanisani, pale mchungaji anaposogea mbele ya spika inaanza kulia "wiiiii". Ule ni sauti ya spika kuingia tena kwenye maiki na kujumlishwa, inazunguka inakua inazunguka inakua. Ya ndani ya ampu inafanya kinyume: kipande kidogo cha autiputi kinarudishwa mwanzoni kinatolewa kwenye sauti iliyoingia, kwahiyo ampu muda wote inalinganisha inachotoa na ilichoambiwa itoe. Ikikuta imetoa pungufu inasukuma zaidi, ikikuta imezidisha inarudi nyuma. Spika ikivuta mkondo mwingi volti zikataka kushuka, fidibaki inaona, inazirudisha. Sasa kitu ambacho volti zake hazishuki hata ukikivuta mkondo, hicho ndicho kitu chenye impidansi ndogo. Hapo ndio dampingi fakta inapozaliwa. Transista zenyewe na zile rizista (vipande vya kuzuia umeme) za sementi za omu 0.22 au 0.47 zinazokaa kwenye emita, mguu mmoja wa transista, bila fidibaki, zinakupa kama nusu omu au zaidi. Fidibaki ndio inayogawanya hiyo iwe moja ya kumi, moja ya mia, inategemea ipo kiasi gani.

Aliyeleta hii kitu ni Harold Black, injinia wa maabara za Bell kule Marekani, na shida yake wala haikuwa spika. Ilikuwa simu za mbali. Sauti ya simu ikivuka bara zima inabidi ipitishwe kwenye ampu nyingi zimefuatana, kila moja inaongeza uchafu wake kidogo, ikifika mwisho husikii kitu. Tarehe 2 Agosti 1927 akiwa kwenye kivuko cha mto Hudson anaenda kazini wazo likamjia, akachora mchoro na hesabu zake hapohapo juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times. Umeona mhariri, gazeti lilishawahi kuisaidia fidibaki, sio kuisema vibaya. Aliomba hati miliki mwaka 1928 na akaipata Desemba 1937, miaka tisa na zaidi, maana watu hawakuelewa mtu mwenye akili timamu anajenga ampu yenye nguvu halafu anaitupa hiyo nguvu kwa makusudi. Na kweli ndio bei yake: unatoa geini (mara ngapi ampu inakuza), unapata usafi na impidansi ndogo.

Hiyo bei mafundi wengi hawaijui na ndio inayoharibu ampu za watu. Nitoe mfano wa TDA2030, ile aisii (ampu nzima ndani ya kipande kimoja) ya miguu mitano ambayo imejaa kwenye masabufa ya mezani, kila fundi kuanzia hapa mpaka Mbuyuni Moshi anaijua. Karatasi ya mtengenezaji inaonyesha rizista mbili za fidibaki, moja ya kilo-omu 22 na nyingine ya omu 680. Ukigawanya ukajumlisha moja unapata geini ya 33, hiyo ndio desibeli 30. Lakini aisii yenyewe bila fidibaki ina desibeli 90, yani mara elfu thelathini hivi. Kwahiyo desibeli 60, mara elfu moja, zimetolewa sadaka kwa ajili ya usafi. Sasa anakuja mteja anasema fundi sabufa yangu haina nguvu, na chalii mmoja mjanja anatoa ile 680 anaweka 220. Geini inaruka kutoka 33 mpaka 101. Mteja akiwasha, volumu ikiwa robo tu mziki unajaa chumba, anafurahi, analipa, anaondoka. Kumbe wati hazijaongezeka hata moja, zile zinatoka kwenye transfoma na volti zake na hakuna aliyezigusa. Kilichotokea ni fidibaki kupungua mara tatu, uchafu umepanda mara tatu, impidansi ya ndani imepanda mara tatu, na mvumo wa hewa hewa ule "shhhh" umeongezeka juu. Ampu inafika mwisho wa uwezo wake mapema tu kwenye volumu. Hiyo sio kutengeneza.

Na kinyume chake pia ipo. Mwingine anachukia ule mvumo, anaweka 2.2k badala ya 680, geini inashuka mpaka 11, kama desibeli 21. Kwa hesabu za juu juu hapo fidibaki imeongezeka, kwahiyo mambo yawe mazuri zaidi. Lakini TDA2030A wenyewe wameandika geini isishuke chini ya desibeli 24. Sababu ni kwamba umeme nao unachelewa kupita ndani ya ampu. Kwenye sauti za kawaida ucheleweshaji hauna maana, ila kule juu kabisa, mbali kuliko masikio yanapofika, kinachorudi kinafika kimechelewa kiasi kwamba badala ya kutolewa kinajikuta kinajumlishwa, na kama bado kina nguvu ya kutosha ampu inaanza kuimba yenyewe. Husikii kitu. Unachoona ni hitisinki inaunguza vidole wakati hakuna mziki unaopiga. Harry Nyquist, naye wa hapohapo Bell, ndiye aliyeweka hesabu za lini itaimba na lini itatulia, mwaka 1932, na mpaka leo ndio zinatumika.

Hapa naomba mafundi wenzangu wanisikie maana kuna kitu nakikuta kila mara. Ukifungua ampu angalia karibu na pale waya wa spika unapotokea, kuna rizista ya omu 10 hivi (kwenye aisii ndogo omu 1) imefuatana na kapasita (kifaa cha kutunza chaji) ya 0.1 mikrofaradi au jirani ya hapo inaenda gindi, yani waya wa sifuri wa ampu. Kazi ya hiyo jozi ni kuipa ampu mzigo unaoeleweka kule kwenye masafa ya juu ambako koili ya spika na waya mrefu vinakuwa havieleweki. Mara kibao nakuta hiyo rizista imeungua nyeusi, bodi chini yake imebadilika rangi kahawia, na fundi aliyepita kaikata tu kwa sababu "hata bila hiyo inapiga". Ni kweli inapiga. Lakini rizista hiyo kwenye mziki wa kawaida haipati moto hata kidogo, ikiungua inakwambia ampu ilikuwa inaimba juu huko. Ukiikata umemnyamazisha shahidi, na transista za C5200 na A1943 ulizofunga mpya utakuja kuzifunga tena. Badilisha rizista, halafu tafuta kwanini, mara nyingi ni kale kakapasita kadogo ka pikofaradi kadhaa kamekufa, au gindi imehamishwa.

Kingine ambacho nisipokisema mtu ataunguza kitu: impidansi ndogo ya ndani haimaanishi ampu inaweza kusukuma spika za omu chache. Mtu anaona 0.05 anadhani anaweza kufunga spika nne za omu 8 sambamba, zikawa omu 2, ampu itavumilia. Hapana. Hiyo 0.05 ni tabia ya fidibaki wakati ampu iko ndani ya uwezo wake. Mkondo unatoka kwenye transfoma na transista, na fidibaki haizalishi mkondo. Ampu ikigonga dari, yani volti zimeisha na sauti inakatwa vichwa, fidibaki inabaki inadai tu na hakuna cha kupewa, pale breki na usafi vyote vimeondoka mpaka sauti ishuke. Ndio maana harusi ikifika saa nne usiku dijei amesukuma kila kitu mwisho, ampu ya milioni na ampu ya laki tatu zinalia sawa.

Na zile bodi ndogo za klasi D (ampu ambazo transista zake zinawaka na kuzima haraka haraka) kutoka China, ambazo sa hizi kila mtu anafungia sabufa, angalizo moja tu. Kule mwisho zina koili na kapasita za kuchuja kabla ya spika. Kuna ambazo fidibaki inachukuliwa kabla ya huo mchujo, kwahiyo ukinzani na tabia ya ile koili vinabaki nje ya ulinzi, na sauti za juu zinabadilika kulingana na spika uliyofunga. Kwa besi hamna shida, kwa tuita (spika ndogo ya sauti za juu) sikiliza kwanza kabla hujalipa.

Nije kwenye waya, maana hapa ndipo pesa ya watu inapotea na makala haikusema hata neno moja. Kuna ukumbi mmoja huku njia ya Sakina waliniita, wamenunua ampu kubwa, imeandikwa 500 kama mlivyotaka, na spika mbili za omu 8 sambamba upande wa mbali. Kuunganisha wametumia ule waya mwembamba mwekundu na mweusi wa 0.75, yani unene wa milimita za mraba 0.75. Toka ampu mpaka spika ni mita 20, kwenda na kurudi ni 40. Shaba ya 0.75 ina kama omu 0.023 kwa kila mita, mita 40 ni omu 0.92. Spika mbili sambamba ni omu 4. Kwahiyo karibu moja ya tano ya wati zote zinapasha joto waya ukutani, na ile 500 ya kwenye boksi, spika inaiona kama 4. Nne! Ukibadilisha ukaweka waya wa 2.5, ule ule wa kufungia soketi za nyumba ila chukua ule laini wa nyuzi nyingi, unashuka mpaka omu 0.28. Ukisogeza ampu karibu na spika, ukavuta waya wa miksa ndio uwe mrefu badala ya wa spika, ni bora zaidi kuliko vyote na haigharimu kitu.

Waya wenyewe nao angalia. Kuna unaouzwa kwa bei ya chini unang'aa rangi ya shaba, ukikwangua na kisu ndani ni mweupe, hiyo ni alumini imepakwa shaba juu. Unapitisha umeme, ila ukinzani wake unazidi wa shaba halisi kwa kama nusu nzima, kwahiyo nunua mnene zaidi au achana nao. Na plagi zilizolegea, zile jeki ndefu zilizoshika kutu, zinaweza zikaongeza sehemu za omu kuliko ampu nzima.

Anayetaka kujua ampu yake ina dampingi fakta ngapi hahitaji mashine ya maabara. Weka programu ya kupiga toni kwenye simu, toni ya hezi 100, ingiza kwenye ampu, toa spika, weka mita kwenye volti za AC kwenye tundu za spika, pandisha mpaka isome 5.00. Halafu funga rizista ya omu 8 ya wati 20 au zaidi (inapata joto, usiishike) usome tena. Tuseme inasoma 4.90. Chukua tofauti, 0.10, zidisha kwa 8, gawanya kwa 4.90, unapata 0.16, hiyo ndio impidansi ya autiputi, na dampingi fakta ni 49. Ampu safi kabisa hiyo. Sasa ihamishe rizista na mita mpaka mwisho wa waya wako wa ukumbini upime tena. Waya wa 1.5 wa mita 20 utakuonyesha 4.64 hivi. Fanya hesabu ile ile, unapata omu 0.62, yani 49 imekuwa 13. Hapo mwenyewe unajua tatizo liko wapi, hata mimi hunihitaji.

Kuna moja nimeiacha. Koili ya spika ikipiga muda mrefu inapata moto, na shaba ikipata moto ukinzani wake unapanda, kama asilimia 0.39 kwa kila digrii. Koili ikiongezeka digrii 100, jambo la kawaida kabisa kwenye sendofu ya usiku kucha, ile omu 6 inakuwa 8 na zaidi. Wati zinapungua, breki inapungua, na hakuna fidibaki ya dunia hii inayoweza kuliona hilo kwa sababu liko ndani ya spika, nje ya ampu. Dijei anaona mziki umepooza anaongeza tena volumu, koili inapata moto zaidi, mwisho wake mnaujua. Dawa ni spika nyingi zinazopiga kwa upole kuliko chache zinazolazimishwa.

Kwa wazee wa usharika waliokuja kuniuliza kuhusu honi za nje, zile za kufungwa juu ya mnara mita 80 au 100 kutoka kwenye ampu, ninyi msihangaike na dampingi fakta hata kidogo. Chukueni ampu yenye tundu za volti 100 na honi zenye vitransfoma vyake. Honi ya wati 10 kwenye laini ya volti 100 inaonekana ni omu 1000, waya wenye omu moja au mbili hapo hauli kitu.

Ombi langu mhariri, toleo lijalo mlirudie lile jedwali. Ile safu ya dampingi fakta ifuteni, mahali pake muweke omu za chini kabisa ambazo ampu inaruhusu na wati zake kwa omu hizo. Na chini ya jedwali muongeze mistari miwili mitatu ya unene wa waya kwa urefu wa ukumbi, hesabu nimeshawapa hapo juu, mkizitumia bila jina langu mi sina neno.

Fundi wa mziki,
Ngarenaro, Arusha